Mafua Makali na Kiharusi: Tuliyojifunza Kando ya Vitanda vya Wagonjwa

Mgonjwa wa kiharusi akifikishwa hospitalini, ndugu zake huulizwa: imeanza saa ngapi, ana presha, ana sukari, anatumia dawa gani? Liko swali jingine ambalo hurukwa, nasi tunaowahudumia wagonjwa hawa tumejifunza kuliweka pamoja na hayo ya mwanzo: mwezi huu uliopita alikuwa anaumwa nini? Hapo ndipo unaposikia kwamba alikuwa na mafua, kifua kilimbana, homa ikampanda siku mbili tatu, lakini alikuwa ameanza kupata nafuu. Ndugu hulitaja kwa kupitia tu, kama jambo lisilohusiana na mkono uliolegea. Linahusiana.

Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kupitia kumbukumbu za kliniki za maelfu ya watu waliowahi kupata kiharusi. Hawakumlinganisha mtu na jirani yake. Kila mmoja alilinganishwa na nafsi yake, siku alizokuwa na maambukizi ya njia ya hewa na siku alizokuwa hana. Kwa njia hiyo mambo kama umri, sigara na kurithi presha hayawezi kulaumiwa, kwa sababu mtu ni yuleyule. Siku 3 za kwanza baada ya maambukizi kugunduliwa, uwezekano wa kiharusi ulikuwa takribani mara 3 ya kawaida, kisha ukashuka taratibu kwa wiki kadhaa. Mwaka 2018 watafiti walirudia kazi ya namna hiyo huko Scotland, safari hii wakiwachukua waliothibitishwa maabara kuwa na maambukizi kama homa ya mafua, yaani influenza. Ongezeko la siku zile za mwanzo lilikuwa kubwa zaidi, na kwa kiharusi hatari iliendelea kuwa juu kwa karibu mwezi mzima. UVIKO-19 ulipoingia, Sweden ilichunguza watu zaidi ya 86,000 walioambukizwa. Kiharusi cha mshipa kuziba kiliongezeka karibu mara 3 katika wiki ya kwanza, na wiki ya pili hivyohivyo. New York nako, mwaka 2020, miongoni mwa waliofika idara ya dharura au kulazwa, asilimia 1.6 ya wenye UVIKO-19 walipata kiharusi cha aina hiyo, wakati kwa wenye influenza ilikuwa asilimia 0.2.

Tarakimu hizi zisomwe kwa utulivu. Kijana mzima asiye na ugonjwa wowote, uwezekano wake wa kupata kiharusi wiki hii ni mdogo mno, na mara 3 ya kitu kidogo mno bado ni kidogo. Mwenye mafua asilale akihofia kupooza. Lakini kwa mzee wa miaka 65 mwenye presha isiyodhibitiwa na sukari, hatari yake ya kila siku tayari iko juu, na kuizidisha mara 3 ni jambo zito. Huku kwetu watu wa aina hiyo ni wengi. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba Dar es Salaam viharusi vipya vilikuwa zaidi ya 300 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kusawazisha umri. Ni kiwango kinachopita cha nchi nyingi tajiri.

Wengi hudhani virusi lazima vipande hadi kwenye ubongo ndipo vilete kiharusi. Hapana. Mambo hutokea ndani ya mishipa ya damu, na kwa sehemu kubwa ni kinga ya mwili yenyewe inayoyafanya. Virusi vikishaingia kooni na mapafuni, chembe za kinga humwaga kemikali za kuuamsha mwili upambane. Ini likipata taarifa hiyo huzidisha kutengeneza fibrinojeni, protini inayogeuka nyuzi damu inapoganda. Chembe sahani, zile zinazoziba jeraha, huwa rahisi kushikamana. Utando wa ndani ya mshipa, ambao siku zote huzuia damu isigande mahali pasipostahili, huvimba na kushindwa kazi hiyo. Mtu aliyeishi na presha miaka mingi tayari ana mafuta yaliyojikusanya kwenye kuta za mishipa ya shingo. Uvimbe ukifika hapo, ganda linaloyafunika mafuta hayo laweza kuchanika, damu ikaganda juu yake, na kipande kikang'oka na kusukumwa hadi kwenye mshipa mwembamba wa ubongo. Hapo ndipo mkono unapolegea.

Juu ya hayo kuna mambo ya kawaida kabisa. Mgonjwa wa homa hatamani kula wala kunywa, anatoka jasho, damu inakuwa nzito. Homa nayo huongeza mapigo ya moyo, takribani mapigo 10 kwa dakika kwa kila nyuzi 1 ya joto inayopanda. Moyo wenye valvu mbovu au uliotanuka ukienda mbio namna hiyo unaweza kuanza kudunda ovyo. Damu hutuama kwenye chumba cha juu cha moyo, ikaganda. Afrika Mashariki hili halimhusu mzee peke yake, kwa sababu homa ya baridi yabisi ya utotoni huacha valvu mbovu kwa vijana wa miaka 20 na 30. Watoto wenye seli mundu nao ni kundi la pekee: maambukizi ya kifua kwao yanaweza kuzidi na kuwa shida kubwa ya mapafu, na wiki mbili zinazofuata ni za hatari kubwa ya kiharusi. Mtoto wa seli mundu mwenye homa na kifua hapewi dawa ya dukani na kusubiriwa. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Sasa tuje nyumbani, maana huko ndiko mengi huharibika.

Kosa tunalokutana nalo kuliko yote ni mgonjwa kuziacha dawa zake za presha kwa sababu anaumwa mafua. Sababu hutajwa kwa nia njema: "nisichanganye dawa," "tumbo halina kitu," "nikipona nitaendelea." Amlodipine, losartan na ndugu zake zinanyweka vizuri tu pamoja na paracetamol. Kuziruka siku nne za homa ni kuipandisha presha katika juma lilelile ambalo damu iko tayari kuganda. Hali moja ndiyo inayobadilisha maelezo: mgonjwa akitapika au kuharisha sana huku anatumia dawa za kukojoza, losartan, enalapril, au metformin ya sukari. Hapo figo zinaweza kuumia, kwa hiyo apigiwe simu mtoa huduma wake siku hiyohiyo aseme ipi isimamishwe na kwa muda gani. Asiamue mwenyewe, na asiache zote kwa mkupuo.

Kosa la pili limo ndani ya dawa za mafua zenyewe. Nyingi zinazouzwa kama mchanganyiko wa mafua, kichwa na kubanwa pua zina pseudoephedrine au phenylephrine. Dawa hizi hufungua pua kwa kubana mishipa midogo ya damu, lakini hazibani ya puani peke yake, na kwa mwenye presha zinaweza kuipandisha. Geuza pakiti, soma maandishi madogo ya nyuma. Ukiliona mojawapo ya majina hayo mawili na una presha au uliwahi kupata kiharusi, irudishe dukani. Ibuprofen na diclofenac, za vidonge au sindano, tunazikataza kwa watu hao wakati wa maambukizi: hushikilia chumvi na maji mwilini, hudhoofisha dawa za presha, na zenyewe huongeza uwezekano wa mshipa kuziba. Dawa ya kushusha homa ni paracetamol, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24; mwenye ugonjwa wa ini au mwili mdogo sana apewe pungufu kwa ushauri. Hesabu pia iliyojificha ndani ya dawa ya mafua, kwani nyingi nazo zina paracetamol, na mtu hujikuta amemeza maradufu.

Viuavijasumu haviui virusi. Tungeishia hapo, ila lipo kundi ambalo kwao si suala la kupoteza fedha tu. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa ajili ya valvu ya bandia au moyo unaodunda ovyo, akinunua Septrin au metronidazole bila kuuliza, warfarin huzidi nguvu na anaweza kuvuja damu hadi kwenye ubongo. Muuza duka la dawa hawezi kujua hilo usipomwambia unatumia nini. Mwambie kabla hajafungua kabati.

Kujifukiza tunaulizwa kila mara. Mvuke wa mchaichai na limau hauponyi virusi, ingawa unaweza kulainisha pua. Shida ni blanketi, sufuria la moto na mzee ambaye tayari amekaukiwa maji: presha inaweza kushuka ghafla anaposimama, akaanguka, akaungua. Akitaka mvuke, aoge maji ya moto, akae kwenye kiti mlango ukiwa wazi. Kinachomsaidia zaidi ni kunywa: chai ya tangawizi isiyo na sukari nyingi, uji mwepesi, maji, supu isiyojaa chumvi, kidogokidogo kila saa, hadi mkojo uwe na rangi hafifu. Mwenye moyo au figo zilizoshindwa kazi afuate kipimo cha maji alichopewa kliniki.

Wenye mashine ya presha nyumbani waitumie asubuhi na jioni siku zote za ugonjwa na wiki mbili baada yake. Vipimo vingi tunavyoletewa vina kasoro kwa sababu ya namna vilivyopimwa. Kaa kwenye kiti chenye mgongo dakika 5 bila kuongea, miguu yote chini, usiikunje nne. Mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, na kitambaa cha mashine kikae kwenye ngozi, si juu ya shati la mikono mirefu. Usipime mara tu baada ya kahawa, sigara au kukohoa mfululizo. Pima mara mbili kwa kupishanisha dakika 1, andika zote kwenye daftari pamoja na saa. Ukipata 180 juu au 120 chini na kuendelea, tulia dakika 5, rudia. Ikibaki hapo, wasiliana na kituo cha afya siku hiyo. Ikiambatana na maumivu ya kifua, kichwa kinachouma vibaya, kuona giza au dalili yoyote ya kupooza, ni dharura. Usiweke nifedipine chini ya ulimi. Presha ikiporomoka ghafla, ubongo unanyimwa damu.

Pamoja na mashine, jifunzeni kushika mapigo. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa upande wa dole gumba, uhesabu kwa sekunde 30. Mapigo ya kasi yenye mpangilio ni ya kawaida wakati wa homa. Mapigo yanayokuja bila mpangilio wowote, moja hapa, mawili ya haraka, kimya, tena moja, yanahitaji kipimo cha umeme wa moyo.

Kisha kuna dalili zenyewe, na hapa mafua yana hila yake. Homa humchosha mtu, kwa hiyo ndugu wakimwona amelegea wanasema ni homa. Tofauti ni hii: homa hulegeza pande zote mbili sawa, kiharusi mara nyingi huchagua upande mmoja. Mkalishe mgonjwa, mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vitazame juu, afumbe macho, kisha uhesabu hadi 10 taratibu. Wa homa tu atatetemeka, ataishusha yote pamoja akilalamika amechoka. Wa kiharusi, mkono mmoja utaanza kuzama peke yake, na kabla haujashuka utaona kiganja kikijigeuza kuelekea ndani. Ukikiona hicho kiganja kinajigeuza, usingoje ufike 10. Mwambie pia atabasamu, uangalie kama pembe moja ya mdomo imebaki chini, na arudie sentensi fupi kama "leo nimekula wali na samaki," usikilize kama maneno yanavurugika. Kizunguzungu cha ghafla cha kushindwa kutembea na jicho kupoteza kuona ghafla navyo ni dalili, hata mikono ikiwa sawa.

Uso kupinda baada ya mafua wakati mwingine hutokana na mshipa wa fahamu wa uso kuvimba, si kiharusi. Mwenye tatizo hilo hawezi kukunja paji la uso upande ulioathirika wala kufumba jicho vizuri, ilhali wa kiharusi kwa kawaida bado hukunja paji. Lakini usiutumie utofauti huu kubaki nyumbani, aupime mtaalamu. Vilevile sukari ikishuka sana inaweza kuiga kiharusi, na malaria kali au homa ya uti wa mgongo vinaweza kumchanganya mtu. Ndiyo maana tone la damu la kupima sukari ni kipimo cha kwanza kabisa, hata kabla ya mashine ya CT inayopiga picha ya ubongo.

Dalili zikionekana, andikeni saa ya mwisho ambayo mgonjwa alionekana mzima. Si saa mlipogundua. Aliyelala saa 4 usiku akiwa mzima na kuamka saa 12 asubuhi amepooza, saa yake ni 4 usiku. Hii ndiyo inayoamua kama anaweza kupewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu kuanza, baada ya picha ya CT kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja na presha ikiwa chini ya 185/110. Hospitali zenye uwezo huo bado ni chache, kwa hiyo ulizeni mapema, kabla ya dharura, ni ipi iliyo karibu yenye CT inayofanya kazi usiku. Msipitie zahanati tatu njiani. Asipewe aspirini nyumbani: mshipa ukiwa umepasuka, itazidisha kuvuja, na hakuna dalili ya nje inayoweza kukuhakikishia ni aina gani. Asiongezewe dawa ya presha, kwa sababu presha ya juu saa hizo huwa inausukumia damu ubongo ambao mshipa wake umeziba. Asichanjwe chale, asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo, apelekwe kwa gari au bajaji. Bodaboda haimfai mtu ambaye nusu ya mwili haishiki. Na daktari aambiwe wazi kwamba ana kikohozi au alithibitika na UVIKO-19, kwani hilo hubadilisha vipimo na mahali atakapolazwa.

Wodini uhusiano unageuka: sasa kiharusi ndicho kinacholeta ugonjwa wa mapafu. Koo lililopooza huruhusu mate na chakula kuingia njia ya hewa, na nimonia ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo katika siku za mwanzo. Ndugu anayemlisha mgonjwa uji akiwa amelala, kwa huruma kabisa, anaweza kuwa ndiye anayemmaliza. Kabla ya tone lolote kupita mdomoni, vidonge vikiwemo, muuguzi aliyefundishwa hupima kumeza. Mgonjwa awe macho, akae wima, apewe kijiko cha chai cha maji, mara 3, kila mara akiangaliwa kama koo linapanda na kushuka, kisha kikombe kidogo cha mililita 50. Akikohoa, akipaliwa, au sauti ikageuka ya majimaji, kila kitu kinasitishwa na hupewa mpira wa kulishia unaopitia puani. Asiyekohoa si lazima awe salama. Wengine huvuta maji mapafuni kimyakimya, ndiyo maana tunamwambia atamke "aaa" baada ya kila kijiko.

Huko New South Wales, Australia, wauguzi wa wodi 19 za kiharusi walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa 2011: upande mmoja ulifundishwa kusimamia mambo matatu tu kwa saa 72 za mwanzo, yaani homa, sukari na kumeza. Joto likifika nyuzi 37.5 linashughulikiwa kwa paracetamol. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa wachache zaidi waziwazi upande ule. Hakuna mashine ya gharama hapo. Kipimajoto, kijiko na daftari vinapatikana hata wilayani, na ndiyo maana tunalitaja kila tunapofundisha wauguzi. Viuavijasumu vya kinga kwa kila mgonjwa, kwa upande mwingine, vilijaribiwa kwenye tafiti kubwa na havikusaidia.

Kuhusu chanjo, utafiti ule wa 2004 wa Uingereza haukuona ongezeko la kiharusi baada ya chanjo ya homa ya mafua. Huko Alberta, Kanada, uchambuzi wa watu wazima zaidi ya milioni 4 uliotolewa 2022 uliona kiharusi kikiwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 20 kwa waliochanjwa karibuni. Huenda sehemu ya tofauti hiyo inatokana na wanaochanja kujitunza zaidi kwa ujumla, lakini kwa mwenye presha, sukari, moyo au aliyewahi kupooza tunaishauri bila kusita, kila mwaka, kwa sababu virusi hivi hubadilika. Hapa Afrika Mashariki hupatikana zaidi hospitali binafsi na vituo vya chanjo za wasafiri. Piga simu kwanza uulize kama ipo na ni ya msimu gani.

Wanaokwenda hija wanahitaji kupanga mapema, kwa kuwa wengi ni wazee na maambukizi ya kifua huenea sana katika mikusanyiko ile. Chanjo ichomwe angalau wiki 2 kabla ya safari, maana kinga haijengeki siku moja. Dawa za presha zibebwe kwenye mkoba wa mkononi, za siku zote za safari na wiki moja zaidi, pamoja na karatasi yenye majina na vipimo vya kila dawa. Hujaji akirudi na kikohozi, na nyumba imejaa wageni wa kumpokea, mmoja wa wanawe apewe kazi ya kumpima presha asubuhi na jioni hadi wiki 4 zipite.